Bao la Radford halikuiua Newcastle

Wengi hudhani shuti la Ronnie Radford wa Hereford United ndilo lililoitoa Newcastle United kwenye Kombe la FA mwaka 1972. Sivyo. Lilikuwa bao la kusawazisha.

Hereford United, timu ya mji mdogo wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, ilikuwa Ligi ya Kusini, nje kabisa ya madaraja ya kulipwa. Ilitoka sare ya 2-2 ugenini, na mechi ya marudiano ikapigwa Edgar Street, nyumbani kwa Hereford, tarehe 5 Februari, uwanja ukiwa tope tupu. Malcolm Macdonald aliifungia Newcastle mwishoni. Ndipo Radford, fundi seremala, akagongeana pasi na mwenzake, mpira ukadunda mbele yake, akaupiga kutoka mbali hadi kona ya juu. Vijana wenye majaketi ya kofia wakamiminika uwanjani. Picha hiyo ya televisheni ndiyo iliyoganda vichwani mwa watu.

Aliyeimaliza Newcastle ni Ricky George, aliyetokea benchi na kufunga katika dakika 30 za nyongeza zilizofuata sare ya 1-1: 2-1. Jina lake linastahili kutajwa kwa sauti ileile. Msimu uliofuata Hereford ilipokelewa kwenye madaraja ya kulipwa, Daraja la Nne.