Wakristo wa Kwanza Hawakuishi Mafichoni

Wengi tumesikia kwamba Wakristo wa Roma waliishi karne 3 wakijificha kwenye mahandaki ya chini ya ardhi. Sivyo. Mahandaki yale yalikuwa makaburi, nje ya mji, na serikali iliyajua vizuri. Mwaka 257 Kaisari Valerian aliwapiga marufuku Wakristo kuyaingia. Mwaka uliofuata Askofu Sixtus II alikamatwa makaburini akauawa.

Ibada walifanyia majumbani, katikati ya majirani waliowafahamu. Mateso nayo hayakuwa ya kila siku. Yalikuja kwa vipindi, makali zaidi chini ya Kaisari Decius mwaka 250 na Kaisari Diocletian kuanzia 303. Siku nyingine walifanya kazi, wakalea watoto, wakalipa kodi, ila kuitolea sadaka miungu ya dola walikataa katakata.

Hapa pananigusa sana: tauni ilipoipiga Carthage, mji wa Kirumi huko Afrika Kaskazini, Askofu wa mji huo Cyprian aliwahimiza waumini wawasaidie wagonjwa wote, hata wapagani waliowachukia. Watu walioishi mafichoni wasingeweza kufanya hivyo. Walijulikana kwa sura na kwa majina, na bado wakatoka kuhudumia. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258.