Kelele za mtandaoni na faili la mwekezaji benki

Malalamiko yanayotufikia kitengo cha uzingatiaji wa sheria siku hizi ni ya aina mbili. Wananchi wanauliza mbona tajiri fulani anasemwa mtandao mzima na benki bado inamhudumia. Wawekezaji nao wanadai benki imewahukumu kwa maneno ya mitandaoni. Wote wanakosea, ingawa si kwa kiasi kimoja.

Benki haifungi akaunti kwa sababu ya matusi. Inachotakiwa ni kumjua mteja, na mwenye hatari kubwa kumchunguza zaidi. Ndiyo maana jina la mwekezaji na majina ya wamiliki halisi wa kampuni yake, yaani watu wanaoimiliki au kuidhibiti kweli, hupitishwa kwenye programu inayosaka habari mbaya. Hasira ya mtandaoni hupenyea hapo. Tuhuma moja ikinakiliwa na tovuti 40, programu inaweza kutoa arifa 40, na ofisa hulazimika kuzifuata hadi chanzo. Kwanza anahakikisha ni mtu yuleyule: tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya usajili wa kampuni. Majina kufanana hutusumbua kuliko kitu kingine chochote. Kisha anatenganisha tuhuma, uchunguzi, mashtaka na hukumu. Hivyo ni vitu vinne. Tafadhali visichanganywe.

Chukua suala la mfanyabiashara wa dawa Martin Shkreli wa Marekani. Mwaka 2015 kampuni yake ilipandisha bei ya kidonge cha dawa ya Daraprim kutoka dola 13.50 hadi 750, watu wakamjia juu. Hadi leo wapo wanaoamini alifungwa kwa bei ile. Sivyo. Alitiwa hatiani mwaka 2017 na kupewa miaka 7 mwaka uliofuata kwa ulaghai uliohusu mifuko ya uwekezaji aliyoiendesha kabla ya hapo. Suala la dawa lilikuja kivyake, kwa kesi ya madai kuhusu ushindani, na mwaka 2022 akapigwa marufuku maisha kwenye biashara ya dawa. Kwenye faili, hizo ni kumbukumbu mbili tofauti.

Mwananchi mwenye ushahidi alete jina kamili, tarehe, nyaraka na kiungo. Picha ya skrini isiyoonyesha anwani ya ukurasa wala tarehe haitusaidii. Asipopewa mrejesho, asidhani tumemkingia tajiri kifua: ofisa akidokeza kwamba taarifa ya muamala shuku, yaani unaotiliwa shaka, imepelekwa kwa mamlaka, anatenda kosa.

Kwa mwekezaji anayetaka taarifa zake zifutwe, suala hilo lina utaratibu wake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unatoa haki ya kuomba taarifa zifutwe. Ombi hujibiwa ndani ya mwezi 1, unaoweza kuongezwa miezi 2, na anayekiuka anaweza kutozwa hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka duniani, kutegemea kipi ni kikubwa. Haki hiyo haigusi kumbukumbu ambazo sheria inailazimu benki kuzitunza, na viwango vya kimataifa vinataka angalau miaka 5. Badala ya kubishana na programu, leta nakala ya uamuzi wa mahakama iliyothibitishwa, au barua ya mamlaka iliyofunga uchunguzi. Chapisho kufutwa halithibitishi kwamba lilikuwa la uongo.