Paa la banda la gari huanza kuoza kwa chini

Swali tunaloletewa mara nyingi na wenye nyumba wa Kigamboni, Mbezi Beach, Bagamoyo na hata Tanga ni lile lile: banda la gari nipaue kwa bati gani? Kabla ya kujibu huwa namwomba muulizaji akasimame chini ya banda la jirani lililokaa miaka kadhaa, atazame juu. Mara nyingi atakuta rangi ya juu bado inang'aa, lakini chini, hasa pale bati linapokalia papi (mbao za kupigilia bati), kutu imeshatambaa.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Ile inayotua juu ya bati huoshwa na mvua za masika na za vuli. Inayoganda chini haioshwi na chochote, na kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kila usiku bati hubaki na majimaji ya chumvi hadi jua lipande. Nyumba ina kuta na dari vya kulikinga bati lake. Banda na baraza viko wazi pande zote. Kwa hiyo bati lililodumu miaka mingi juu ya nyumba yako lisikudanganye kwamba litadumu vivyo hivyo kwenye banda.

Kwa anayekaa jirani na ufukwe, chaguo langu la kwanza ni bati la alumini. Halishiki kutu ya chuma, na uzito wake ni kama theluthi ya bati la chuma la unene ule ule. Ubaya wake ni bei, na ni laini: fundi akikanyaga katikati ya papi mbili litabonyea. Chaguo la pili ni aluzinki, yaani bati la chuma lililopakwa mchanganyiko ambao zaidi ya nusu yake ni alumini na sehemu kubwa iliyobaki ni zinki. Hapo uliza jambo ambalo wateja wengi hawaulizi: rangi ya chini ikoje? Bati nyingi za rangi zimepakwa vizuri upande wa juu tu, na chini zina mpako mwembamba wa kijivu. Kwa banda la pwani, agiza lenye rangi kamili pande zote mbili. Ukiwa Morogoro au Dodoma, hayo ya chumvi hayakuhusu. Aluzinki ya kawaida inatosha, na bati la chuma lililopakwa zinki nene nalo si baya.

Hata alumini na aluzinki zina maadui wake. Mbao za kijani zilizotiwa dawa mara nyingi huwa na shaba ndani ya dawa hiyo, na zikilowa huyala mabati hayo. Zipake rangi au weka utepe wa lami katikati. Saruji mbichi nayo huyaunguza, kwa hiyo mwambie fundi asiyazike mabati ndani ya plasta ya ukuta. Na akate kwa mkasi wa bati. Grinda hurusha vipande vidogo vya chuma vya moto vinavyonasa kwenye rangi, na baada ya wiki chache paa jipya linakuwa na madoadoa ya kutu.

Kuhusu unene, watu husema geji, na hapa wengi hupigwa. Geji ndogo ndiyo bati nene: 28 ni karibu milimita 0.4, 30 ni karibu 0.3, na 32 ni karibu 0.2. Lakini neno geji dukani limekuwa la kutegemea anayelitamka, kwa hiyo ulizia milimita, tafuta alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na ikibidi bati lipimwe kwa maikromita mbele yako. Kwa banda, bati jembamba kuliko la geji 28 siungi mkono.

Upepo nao hupiga kwa chini. Kuta zinapokosekana, unaingia na kulisukuma paa juu kama mwavuli. Fanya hesabu: upepo wa kilomita 90 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Bati la chuma la milimita 0.4 lina uzito wa kama kilo 4 tu kwa eneo hilo hilo. Banda la mita 3 kwa 6 lina mita za mraba 18, kwa hiyo nguvu ya kulinyanyua inaweza kukaribia kilo 700. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu Mei 2024 hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya hesabu hii. Hata bila kimbunga, kusi ikivuma misumari hung'oka kidogokidogo. Tumia skrubu zenye mpira, na usibane mpaka mpira upasuke. Nguzo nne, kila moja katika shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60, lililojaa zege, zinakupa zaidi ya kilo 900 za kulishikilia banda. Zege liinuke kidogo juu ya ardhi na liwe na mteremko, maji yasituame kwenye shina la nguzo.

Wanaotaka mwanga barazani hukimbilia polikaboneti, yaani karatasi za plastiki ngumu zinazopitisha mwanga. Ni nzuri, ila fundi asiyeizoea huiharibu siku ya kwanza. Ina upande mmoja wenye kinga ya jua, ambao lazima utazame juu. Ukigeuzwa, karatasi inageuka njano na kupasuka mapema. Hutanuka sana pia: ya urefu wa mita 6, joto likibadilika nyuzi 30, inarefuka zaidi ya sentimita 1. Tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu. Ile yenye vyumba ndani izibwe miishoni kwa utepe wake, vyumba vielekee kwenye mteremko, la sivyo utafuga ukungu na wadudu ambao huwezi kuwafikia. Na usichukue inayoonyesha kabisa kama kioo kwa baraza la kukalia, saa saba mchana hakuna atakayekaa. Chagua nyeupe ya maziwa.

Kwa ubaridi bado sijaona kinachoyashinda makuti, ila yanataka mwinuko mkali, karibu nyuzi 45, kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kukaa mbali na jiko la mkaa. Bati la mgongo mpana linakubali mteremko mdogo zaidi: sentimita 10 kwa kila mita. Agiza lenye urefu kamili wa banda ili kusiwe na maungio.

Mabati ya zamani ya asbestosi unayopewa bure baada ya jengo kubomolewa usiyachukue, wala usiyakate. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Ukiahidiwa dhamana, iombe karatasi yenyewe uisome kabla ya kulipa. Nyingi haziwahusu walio karibu na bahari, au hudai sehemu zisizopata mvua zisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Mpira wa bustani unatosha kwa kazi hiyo. Na kwenye risiti, unene uandikwe kwa milimita.