Je, wajua kwa nini viungo vya wavuti vya ndani (vinavyobaki katika tovuti ileile) na vya nje (vinavyokwenda tovuti nyingine) havifunguki kwa namna moja?

Anayetumia programu ya wavuti iliyojengwa kwa fremuweki (msimbo wa msingi ulioandaliwa tayari kwa wasanidi) kama React, Vue au Angular huona kwamba viungo vingine hubadilisha ukurasa papo hapo, ilhali vingine humtoa kabisa alipokuwa na kumpeleka kwenye tovuti nyingine. Kwa macho vyote ni maandishi ya kubofya. Kinachotofautiana ni nani anayeushughulikia mbofyo huo: kivinjari chenyewe, au fremuweki iliyojitia kati.

Kivinjari kikiachiwa kazi hiyo, kila kiungo ni mwanzo mpya. Ombi hutumwa kwa seva, ukurasa uliokuwapo hutupwa pamoja na yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake, kisha ukurasa mwingine hupakiwa na msimbo wake kuendeshwa tangu mwanzo. Kwa makala ya kusomwa tu hilo halina ubaya, lakini kwa programu yenye fomu iliyojazwa nusu au muziki unaoendelea kuchezwa ni hasara. Ndiyo maana fremuweki huwa na kiungo chake maalumu, kama Link katika Next.js, iliyojengwa juu ya React, au RouterLink katika Vue, ambacho huuzuia mwendo huo wa kawaida, hubadilisha anwani kwa amri ya pushState iliyokuja na HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kisha huchora upya sehemu inayohusika peke yake.

Mbona basi njia hiyo haitumiki kwa viungo vyote? Ni kwa sababu pushState hukubali tu anwani ambazo itifaki (kama https), jina la tovuti na namba ya poti (mlango wa seva) vinalingana na vya ukurasa uliopo. Visipolingana, kivinjari hukataa na kutoa kosa la usalama. Kizuizi hicho kina haki yake, maana bila hicho tapeli angeweza kuonyesha anwani ya benki juu ya ukurasa aliouandika mwenyewe. Hata hivyo, kulingana huko pekee hakutoshi. Faili ya PDF iliyo kwenye seva ileile ni ya ndani kwa anwani, lakini fremuweki isipokuwa na njia iliyosajiliwa kwa ajili yake, huenda mtumiaji akaambiwa kwamba ukurasa haupo. Kiungo cha aina hiyo ni heri kiachiwe kivinjari.

Ugumu mwingine, ambao kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko yote, ni kutambua nia ya anayebofya. Mtu aliyeshikilia Ctrl, au aliyebofya kwa kitufe cha kati cha kipanya, anataka kichupo kipya, kwa hiyo fremuweki inapaswa kukaa kando. Viungo maalumu vya fremuweki zinazojulikana hulizingatia hilo, na huacha ndani yake kiungo halisi chenye href (sehemu inayobeba anwani), ambacho pia hutegemewa na visoma skrini na mitambo ya utafutaji. Msanidi anayetumia kitufe chenye msimbo wa kumhamisha mtu badala ya kiungo hupoteza vyote hivyo kwa mpigo mmoja.

Kiungo cha nje nacho kina tahadhari zake. Kikifunguliwa katika kichupo kipya, zamani tovuti iliyofunguliwa iliweza kukigeuza kichupo kilichoifungua na kukipeleka kwenye ukurasa wa ulaghai, mpaka msanidi aandike noopener, neno linalokata uhusiano kati ya vichupo hivyo viwili. Firefox tangu 2020 na Chrome tangu 2021 huweka kinga hiyo zenyewe, ingawa kuiandika bado kunawafaa wenye vivinjari vya zamani.

Hatari zaidi ni anwani zilizoandikwa na watumiaji. Inayoanza na javascript: inaweza kuendesha msimbo ndani ya programu, kwa hivyo ni salama kuruhusu itifaki chache zinazojulikana, kama https na mailto (ya barua pepe), na kukataa nyingine zote. Wengine hupima undani wa kiungo kwa kutazama kama anwani inaanza na mkwaju (/), lakini //example.com nayo huanza hivyo, na ni ya nje. Kipimo cha kuaminika ni kuikabidhi anwani kwa URL, chombo cha kivinjari chenyewe, pamoja na anwani ya ukurasa uliopo, kisha kulinganisha asili za hizo mbili, yaani itifaki, jina la tovuti na poti.