Kodi ya mapato: maneno ya kijiweni na hesabu za kaunta buku

"Nikiandika mauzo, najichoma mwenyewe." Maneno haya ni ya mama anayeniuzia mawese Soko la Mwanga, hapa Kigoma. Wengi pale sokoni wanaamini hivyo: usipokuwa na daftari, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawajui unauza kiasi gani, basi watakukadiria kidogo.

Tulipiga hesabu yake nikiwa nimekaa juu ya dumu tupu. Siku nzuri na siku mbaya ukizichanganya, anauza kama 22,000 kwa siku. Kwa mwaka inakaribia milioni 8.

Sheria inawapanga wafanyabiashara wadogo kwa mauzo ya mwaka. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu, yaani daftari la mauzo, analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kutoka milioni 7 hadi 11, asiye nazo analipa 250,000, mwenye nazo analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Kwa mauzo ya milioni 8, basi, bila daftari ni 250,000. Akiwa na daftari ni 90,000 jumlisha 30,000, yaani 120,000. Mama alinyamaza, akaniomba nirudie. Nikarudia. Huko kujificha kulikuwa kunamgharimu 130,000 kila mwaka.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu: tarehe, ulichouza, pesa iliyoingia, na risiti za manunuzi umezihifadhi. Ila uandike siku ileile. Daftari la mwezi mzima lililojazwa usiku mmoja linajisema lenyewe: kalamu moja, mwandiko mmoja, na kila jumla inaishia sifuri tatu.

Wapo pia wanaodhani kodi hii inakatwa kwenye faida. Hapana, kinachotazamwa ni mauzo. Dagaa wako wakinyeshewa Kibirizi wakaoza, hasara hiyo haikupunguzii kitu katika utaratibu huu wa wadogo. Mimi naona ni ukali, lakini ndivyo ulivyo.

"Nikifunga kibanda, kodi inajifuta." Haijifuti. Usipotoa taarifa kwa maandishi kwamba umefunga, mfumo unaendelea kukuhesabu kama mfanyabiashara, na deni linakua ukiwa umeshahamia Kasulu kulima. Andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na makadirio yakikuzidi usiishie kulalamika kijiweni: sheria inakupa siku 30 tangu ukabidhiwe makadirio kuweka pingamizi.

Kwa waajiriwa, hofu kubwa ni ya kupanda ngazi. Nimemsikia mwalimu wa shule binafsi akisema heri abaki chini ya milioni, kwa sababu akivuka atakatwa asilimia 30 ya mshahara wote. Si kweli. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu, kisha kila kipande kina kiwango chake: asilimia 8 hadi 520,000, asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo tu. Tuseme kipato chake kinachotozwa kodi kimetoka 980,000 hadi 1,020,000. Katika 40,000 zilizoongezeka kodi inachukua 11,000. Zinazobaki, 29,000, ni zake.

Halafu kuna slipu ya mshahara, ambapo kila makato huitwa "kodi". Chukua mtumishi wa umma wa 800,000 ambaye bado analipa mkopo wa chuo. Mchango wake wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, ni 40,000, na huo hutolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa. Inabaki 760,000, na kodi yake ni 68,000. Bila mchango ule angelipa 78,000. Bodi ya mikopo nayo inachukua asilimia 15, yaani 120,000, karibu mara mbili ya kodi yenyewe. Kabla ya kwenda kugombana na mhasibu, soma mstari kwa mstari.

Idadi ya watoto haipunguzi kodi ya mshahara. Mwenye saba na asiye na hata mmoja wanakatwa sawa. Na ukiwa na mwajiri wa pili, mshahara wa huko unakatwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, kwa hiyo uliza utapokea ngapi mkononi kabla hujakubali.

Mama wa mawese alidhani pia kodi yote hudaiwa kwa mkupuo. Inagawanywa mara nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwake 30,000 kila awamu. Sasa kila Jumapili anatumbukiza 2,500 kwenye kopo la maziwa. Miezi mitatu ikiisha inabaki chenji kidogo, na hiyo, anasema, ni ya kaunta buku nyingine.