Taa za Hawthorne hazikuthibitisha tulichofundishwa

Wanafunzi wengi wa saikolojia bado huambiwa kwamba katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kuanzia 1924, uzalishaji ulipanda kila mwanga ulipobadilishwa, uongezwe au upunguzwe, kwa sababu tu wafanyakazi walijua wanatazamwa. Sivyo. Mtu anayetazamwa huweza kweli kubadilika, lakini ushahidi wa taa hizi ni dhaifu mno. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List walichapisha uchambuzi mpya wa takwimu za awali: mwanga ulikuwa ukibadilishwa Jumapili, na uzalishaji ulipanda kila Jumatatu, hata katika wiki zisizo na jaribio. Inasikitisha, maana kosa hilo lilizuilika. Mtafiti angechagua siku ya kubadilisha taa kwa bahati nasibu.