Isale, jani la kuombea msamaha, halifungi faili la mtoto

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, inapokaribia, ofisi za ustawi wa jamii hapa Moshi hupokea swali lilelile: "Kwa hiyo mnatukataza kuwarudi watoto wetu?" Hapana. Sisi maafisa ustawi tumeshajibu mara nyingi.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza ukatili, na adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili ya mtoto. Kumchoma kiganja kwa kijiko cha moto kwa sababu amedokoa nyama si kumrudi. Mahakama ikikutia hatiani kwa kukiuka haki hizo, faini haizidi shilingi milioni 5, kifungo hakizidi miezi 6, au vyote viwili. Ukimjeruhi, Kanuni ya Adhabu nayo inakusubiri.

Shuleni, kiboko kina utaratibu wake: hakitolewi bila mkuu wa shule au idhini yake ya maandishi, hakizidi viboko vinne, msichana huchapwa mkononi na mwalimu wa kike, na tukio huandikwa kitabuni. Mtoto akirudi nyumbani, Pasua au Majengo, na alama mgongoni, anza kwa kuuliza kama tukio hilo limeandikwa.

Malezi ya upole nayo yamesingiziwa mengi. Mama mmoja aliniambia ni "mambo ya Wazungu, mtoto anakupanda kichwani." Lakini mtoto aliyevunja chupa ya chai kwa kucheza mpira sebuleni anaweza kusaidia kusafisha na kukosa mpira siku mbili. Hiyo ni adhabu, na ataielewa. Kinachohitajika ni mzazi kushikilia neno lake, jambo ambalo, tukubaliane, ni gumu kuliko kuchomoa mkanda. Vivyo hivyo, walimu wa mfumo wa elimu wa Montessori huweka mipaka. Mtoto huchagua kazi, lakini huirudisha mahali pake akimaliza.

Kuna pia wanaodhani nidhamu hununuliwa bwenini. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mtoto wa umri huo anahitaji mtu wa kumwona akinyamaza isivyo kawaida.

Ukiona mtoto anaumizwa, toa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116 bila malipo. Majeruhi anahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ila aliyezimia apelekwe hospitali kwanza. Afisa atawaita wahusika. Anayekaidi hupelekwa mahakamani. Hatuji kumchukua mtoto kwa simu moja ya jirani.

Sasa, isale. Kwetu Uchagani jani hilo linaheshimiwa, na mimi nalipokea. Lakini mtoto wa miaka tisa hakuwepo mlipokaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, mkasameheana kwa niaba yake, na faili linaendelea. Mkiitwa, njooni na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Mashauri mengi huchelewa kwa kubishania umri tu.